Begi la Muuza Chai: Mafunzo Niliyopata Kati ya Roret na Mombasa

Chai inapotoka kiwandani huku kwetu huwa imefungwa katika magunia ya karatasi nzito yenye tabaka kadhaa, na la ndani ni la foili. Zamani ilisafiri katika masanduku ya mbao nyembamba. Waliotengeneza vifungashio hivyo walijua njia ya chai: itapanda lori, itashuka kwenye joto na unyevu wa Mombasa, itakaa ghalani, kisha itaingia melini. Muuzaji anayeifuata chai hiyo naye ana njia yake, lakini akiingia dukani kununua begi huangalia rangi na bei, akamaliza.

Mimi naishi Roret, upande wa Bureti katika Kaunti ya Kericho, na kazi yangu ni kuwatafutia wanunuzi wakulima wadogo wanaotengeneza chai maalum: ya majani yaliyosokotwa, ya kijani, na ile ya zambarau inayotokana na mche wa TRFK 306/1, ambao watafiti wa Kericho waliutoa kwa wakulima mwaka 2011. Nabeba sampuli kwenda Nairobi, Mombasa na Kampala, na mara nyingine Dubai. Mnada wa Mombasa umekuwa ukiendeshwa kwa kompyuta tangu 2020, na wapo wanaouliza kwa nini mtu aendelee kusafiri. Jibu liko mezani kwa muonjaji. Mnunuzi mpya hawezi kuonja chai kupitia kioo cha simu, na chai isiyopitia mnadani haina mtu wa kuisemea isipokuwa yule aliyeibeba.

Haya ndiyo niliyojifunza kuhusu kitu cha kuibebea.

1. Chagua begi kwa kipande kibaya kabisa cha njia

Safari yangu ya Mombasa huanza kwa bodaboda. Kisha matatu hadi Litein, na kutoka hapo ama Kericho na Nakuru hadi Nairobi, ama kuzunguka kupitia Sotik, Bomet na Narok. Nairobi napanda treni Syokimau, nashuka Miritini, natafuta tuktuk au teksi ya kuingia mjini. Katika safari yote hiyo, sakafu laini ninayoikanyaga ni ya vituo viwili vya treni. Kwingine ni murram, matope, vidato vya matatu, na ukingo wa barabara wenye mtaro.

Sanduku la magurudumu halikubuniwa kwa ajili ya mtu wa namna hii. Mmarekani Bernard Sadow alipata hataza ya sanduku la magurudumu mwaka 1972, baada ya kuchoka kubeba mizigo uwanjani. Lile la kusimama wima lenye mpini wa kuvuta lilitoka mwaka 1987 kwa Robert Plath, aliyekuwa rubani. Wote wawili walikuwa wakitatua tatizo la viwanja vya ndege. Magurudumu manne madogo yanayozunguka pande zote, ambayo ndiyo yamejaa madukani sasa, yanahitaji sakafu laini zaidi. Kwenye murram kokoto hunasa katika kiungio chake, gurudumu moja hukwama, na ukizidi kuvuta linang'oka na kipande cha sanduku.

Kwa hiyo mtu wa huku akitaka magurudumu, achukue mawili makubwa ya mpira, yaliyozama nusu ndani ya mwili wa sanduku. Hayo hupita kwenye changarawe na kuvuka mtaro. Lakini kwa safari ya siku mbili tatu, mimi namshauri kila anayeniuliza achukue begi la mgongoni la lita 35 hadi 40, la aina inayofunguka mbele nzima kama sanduku. Begi linalofunguka juu tu hukulazimisha kutoa kila kitu ili ufikie shati lililo chini. Mikanda ya mabegani iwe mipana, na uwepo mkanda wa kiunoni. Juu ya bodaboda mikono yote miwili inabaki huru, nayo ndiyo inayokushika barabara inapoteleza.

2. Chai hufyonza harufu, na begi lina harufu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo biashara inapoharibika bila mtu kujua.

Chai iliyokaushwa vizuri ina unyevu mdogo sana, kama asilimia 3, na ikikaa wazi huvuta maji ya hewani pamoja na harufu yoyote iliyo karibu. Mnunuzi akiionja Mombasa na akasikia sabuni, hataandika "sabuni". Ataandika kwamba chai hii ina dosari, na mkulima aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kuchuma majani mawili na chipukizi atanyimwa bei kwa kosa ambalo halikutokea shambani wala kiwandani.

Adui wa kwanza ni begi lenyewe. Begi jipya, hasa la bei nafuu, hunuka gundi na mpira. Mimi huliacha wazi katika chumba chenye hewa kwa wiki kadhaa kabla ya kulitia sampuli, na sehemu ya ndani naifuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kisha naianika. Kama harufu haijaisha, begi hilo ni la nguo, si la chai. Dukani natia pua ndani na kuvuta pumzi. Watu hushangaa, lakini ndicho kipimo cha kwanza, kabla ya zipu na magurudumu.

Adui wa pili ni vitu tunavyobebeana kwa upendo. Hakuna anayetoka Roret mikono mitupu. Shangazi atakupa mursik, maziwa ya kuchachusha ya kibuyu, umpelekee mwanawe Nairobi, na wakati wa kurudi mtu atakupa udi au samaki wa kukaushwa. Sikatai zawadi, kwa kuwa kukataa zawadi ya shangazi ni kujitenga na watu. Lakini inasafiri katika mfuko wake, na mfuko huo hauingii katika begi la sampuli. Mursik hasa, pamoja na mkaa wake, inachacha: kibuyu kikitikisika kwenye joto kinaweza kusukuma kifuniko.

Sampuli nazitia kwanza katika pakiti za foili zenye kuzibwa kwa joto, gramu 100 kila moja, kisha katika kopo la bati lenye kifuniko cha kubana. Kopo hulinda zile chai za majani makubwa yasivunjike, maana jani lililosagika njiani hubadilisha daraja machoni mwa mnunuzi. Makopo yanakaa katikati ya begi, nguo safi zikiyazunguka. Viatu, mafuta ya nywele na dawa ya meno viko mfuko wa nje. Begi lisilo na mfuko wa nje uliotengwa kabisa na wa ndani silinunui, hata liwe zuri namna gani.

3. Mizani ya kuning'iniza ni mali

Mkulima wa chai anaijua mizani. Pale kituo cha kununulia majani, gramu chache ni hela, na kila mtu anaukazia macho mshale au namba. Tabia hiyo hiyo nimeihamishia kwenye begi. Mizani ndogo ya kuning'iniza inauzwa katika maduka ya vifaa, na inaingia mfukoni.

Abiria wa daraja la kawaida katika ndege za mashirika kama Emirates huruhusiwa kilo 7 za mkononi. Sanduku gumu la kuingia nalo ndani ya ndege laweza kuwa na kilo 3 likiwa tupu. Ukitoa hizo, unabaki na kilo 4, na kompyuta ya mkononi pamoja na chaja yake huchukua kama 2. Kilichobaki ni shati na makopo machache. Begi la kitambaa lenye uzito wa kilo 1 linakuongezea kilo 2 za chai, nazo ni pakiti 20 za gramu 100. Pakiti 20 ni wanunuzi 20. Ndiyo maana kwanza nauliza uzito wa begi likiwa tupu, na lebo isiposema, natoa mizani.

Kwa mizigo ya chini ya ndege, kikomo cha kawaida ni kilo 23 kwa begi moja, na kwa jumla mashirika hayapokei begi linalozidi kilo 32, hata ukilipa, kwa ajili ya migongo ya wapakizi. Mapagazi wa misafara ya Bagamoyo na Tabora walibeba hadi karibu frasila mbili kila mmoja, yaani kama hizo hizo kilo 32, na walikwenda nazo kwa miguu hadi maziwa makuu. Nikisoma habari zao naona haya kulalamikia begi la kilo 9.

4. Mvua ya Kericho haibishi hodi

Huku kwetu mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Asubuhi jua kali, mchana mawingu, alasiri mvua, na mara nyingine mvua ya mawe inayochana majani ya chai. Kampuni nyingi huandika kwenye lebo kwamba begi "halipitishi maji". Kitambaa huenda hakipitishi. Zipu inapitisha, na mshono unapitisha. Sanduku gumu la plastiki lililofungwa juu ya keria ya matatu kutoka Kericho hadi Nakuru linaingiza maji kwenye zipu inayolizunguka lote.

Dawa ni kifuniko cha mvua cha begi, kile cha kuvuta kwa mpira, na ndani yake mfuko wa turubai jepesi wenye mdomo wa kukunja. Hakuna haja ya kitu cha gharama. Fundi wa cherehani Litein anaweza kukushonea kifuniko kwa kipimo cha begi lako.

Na kama unaweza, usiliache liende juu.

"Mama, hiyo iende kwa keria."

"Hapana, kijana wangu, hii nitaipakata."

"Utasumbuka, mama. Ni mbali."

"Ni chai ya watu. Nitaipakata."

Kondakta akisikia ni chai ya watu huwa anaelewa. Mama yake naye anachuma.

5. Mbwa wa Syokimau hawataki haraka yako

Tangu treni ya Madaraka Express ilipoanza mwaka 2017, abiria wa Nairobi kwenda Mombasa hupanga mabegi yao chini kwa mstari nje ya kituo, wakasimama kando, na mbwa wa polisi wakapita wakinusa. Baadaye kuna mashine ya kupitishia mizigo. Begi lenye mifuko mingi midogo na kufuli tatu hukuchelewesha ukiitwa kulifungua. Liwe na mlango mmoja mkubwa. Kisu cha kufungulia sampuli kiache nyumbani. Pakiti za foili zikatwe pembeni kwa wembe kidogo ili zichanike kwa mkono.

Juu ya sampuli weka barua yenye muhuri na orodha: aina ya chai, uzito, anayepelekewa, na maneno kwamba hazina thamani ya kibiashara. Ukivuka mpaka, ongeza cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS pale nchi unakokwenda inapokitaka. Majani makavu ya kijani yasiyo na karatasi humtia askari mashaka, na ana haki ya kuwa nayo.

6. Mfuko wa plastiki umekwisha kazi yake

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu huanzia faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Rwanda ilitangulia mwaka 2008, Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Mfanyabiashara anayezunguka Afrika Mashariki asifunge viatu wala nguo chafu kwa mfuko wa plastiki, hata ule aliopewa katika duka la uwanja wa ndege wa mbali. Mifuko ya kitambaa yenye kamba, ya rangi tofauti, inafanya kazi hiyo vizuri zaidi: nyeupe ya safi, nyeusi ya chafu, nyekundu ya waya na chaja.

7. Betri zikae na wewe

Pawabanki haiendi katika begi la chini ya ndege, popote duniani, kwa sababu betri ya lithiamu ikiwaka huko chini hakuna wa kuizima. Kikomo cha kawaida ni 100 Wh, sawa na kama mAh 27,000. Emirates, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025, inaruhusu moja tu kwa abiria, na haitumiki angani. Mabegi ya kisasa yenye chaja iliyojengewa ndani yaliwekewa vikwazo na mashirika makubwa ya Marekani tangu Januari 2018 kama betri haitoki. Mwenye duka akikusifia begi lenye tundu la kuchajia simu, muulize betri inatokaje.

8. Gawa mzigo kana kwamba begi moja halitafika

Begi la chini ya ndege hubeba nguo na sampuli za akiba. Seti moja kamili ya sampuli, shati moja, dawa, hati na kompyuta viko mkononi mwangu. Niliwahi kushuka katika jiji la kigeni na begi kubwa likabaki njiani. Mkutano wa kesho yake ulifanyika kama ulivyopangwa, kwa sababu chai ilikuwa mgongoni.

Sheria inakulinda, lakini kwa kipimo. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya ni mwanachama wake, shirika la ndege la safari ya kimataifa linawajibika kwa mzigo uliopotea, kuharibika au kuchelewa, hadi SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF) kwa kila abiria tangu mwisho wa Desemba 2024, ambazo ni takribani dola 2,000. Begi likiharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Likichelewa, ndani ya siku 21. Usitoke ukumbi wa mizigo kabla ya kujaza fomu na kupewa namba. Kabla ya safari, piga picha ya begi likiwa wazi na likiwa limefungwa, weka risiti za vilivyomo, na ndani andika jina na simu kwenye kadi, maana lebo ya nje hukatika.

Kwa nje mimi hufunga kipande cha leso kwenye mpini. Masanduku meusi yote yanafanana. Leso ya Mombasa haifanani na nyingine.

9. Nunua kile ambacho fundi wa karibu anaweza kukitengeneza

Begi zuri ambalo haliwezi kutengenezwa Litein ni begi la safari chache. Geuza sanduku utazame chini: magurudumu yaliyofungwa kwa skrubu yanabadilishwa, yaliyofungwa kwa ribiti yanahitaji kutobolewa. Zipu iwe ya meno makubwa, ambayo kichwa chake kinapatikana kwa fundi wa viatu. Angalia mshono pale mkanda unapoungana na mwili wa begi. Uwe umerudiwa kwa umbo la mraba wenye msalaba ndani. Mstari mmoja wa uzi hautoshi.

Kuhusu nyenzo: polikaboneti hupindika ikikandamizwa na kurudi. Plastiki ngumu ya ABS ni ya bei rahisi na hupasuka kwenye kona. Nailoni nene hushinda zote mbili kwa maisha ya matatu, kwa maoni yangu.

Mitumba ya soko la Gikomba, Nairobi, ina mabegi bora kuliko mapya mengi, ila pitisha kidole sehemu ya ndani. Ikinata au ikitoa unga, utando wake umeoza na hakuna wa kuurudisha. Magurudumu ya mpira yaliyokaa miaka mingi ghalani nayo huvunjika vipande siku ya kwanza.

Na kwa anayesafiri kwa gari lake mwenyewe kwenda kuuza chai katika maonyesho ya Nakuru au Eldoret, sioni cha kushinda sanduku la bati la Kamukunji, lile lile tunalowanunulia watoto wakienda shule ya bweni. Halina harufu, halipondeki, linafungwa kwa kufuli, na fundi aliyelitengeneza anaweza kulinyoosha kwa nyundo.

10. Lijaribu likiwa limejaa

Kila begi ni jepesi likiwa limetundikwa dukani. Ninapokwenda kununua, naomba ruhusa ya kulijaza pakiti za unga za kilo 2 kutoka duka la jirani, nne au tano. Nalivaa, napanda nalo ngazi, nalishusha, nalifunga zipu kwenye kona ambapo ndipo hukwama, kisha nalivuta nje ya mlango hadi penye kokoto. Muuzaji akikataa, namshukuru na kwenda duka linalofuata. Akikubali, tunaanza kuzungumza bei hapo nje, unga ukiwa bado ndani.